Umeyuaye Yako Haikufa

Shoga yangu Swafiya,

Tangu tukuzike kule Faza sijakuandikia, maana kila nikianza nakasirika. Nani alikwambia uondoke uniachie kikao cha Jumamosi peke yangu? Ulikianzisha wewe pale chuoni, umechoshwa na wenzetu wa sayansi wanaokariri kanuni zote kisha wanaamini lolote linaloletwa na simu. Mtu akisema jambo tu, wewe: "Umeyuaye?" Unamkumbuka yule kijana wa bara? Hakujua kwamba kwetu ndivyo tunavyosema "umejuaje". Alidhani Umeyuaye ni mwanasayansi wa zamani, akaenda kumtafuta maktaba! Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Basi sikiliza. Mwezi uliopita mdogo wangu Zuhura, yule wa kemia mwenye alama nzuri kuliko zangu, alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia. Eti Mama aache vidonge vyake vya ugonjwa wa sukari, anywe maji ya magome ya mkoko. Alimwona mtu mwenye koti jeupe kwenye video, akaongeza na la kwake: magome yana tanini, kemikali ya ukakasi, eti ndiyo inayoshusha sukari. Mama akafuata. Mtoto wa chuo amesema, vipi asifuate? Nilipopiga simu nyumbani Mbwajumali, alikuwa ameshaacha vidonge na kichwa kinamzunguka. Niliogopa, Swafiya. Nikamsihi avirudie, akasema Zuhura ndiye msomi wa dawa. Nikamgombeza Zuhura, akanikatia simu.

Jumamosi nikambembeleza mpaka akaja kikaoni. Yule yule kijana wa bara ndiye aliyemuuliza, kwa lafudhi mbaya kabisa: "Umeyuaye?" Zuhura akajibu tanini. Kijana akaendelea: "Sawa, tanini ipo. Lakini nani amepima sukari ya waliokunywa, na ya wasiokunywa?"

Hakuna aliyemcheka. Machozi yakamtoka, akatoka nje akampigia Mama mwenyewe: "Mama, nimekosa. Rudia zidonge zako, na leo wende zahanati wakupime." Mama akaenda siku ile ile, na sasa sukari imetulia.

Nilidhani kikao kitakufa nawe. Kumbe sasa wamekuja hadi wa fizikia, wabishi hao, ungewapenda. Zuhura ameomba zamu ya kukiongoza. Nakuahidi hakitafungwa nikiwa hai, hata tukibaki wawili. Nakukumbuka, mwanamke wewe, mpaka natamani unikosoe.

Lala kwa amani, shoga yangu. Kila Ijumaa Mama anakusomea Fatiha. Kwa Umeyuaye yako, bado yupo wa kukusomea.

Wako,
Mwanaisha