Kumng'oa Baba Kutoka Jaro

Jumanne, 30 Januari
Nimefika Iloilo mchana, nyumbani mtaa wa Jaro. Jiji lina wazimu — taa, bendi, pikipiki mpaka vibarazani. Nimekuja kwa jambo moja tu: kumpeleka Baba Manila. Daktari wa macho anamngoja Jumatatu. Jicho la kushoto ndiyo basi tena. La kulia linaokoleka likiwahiwa. Tiketi ni za Jumamosi asubuhi.

Nimemwambia. Akasema tuongee tukishakula. Tukala. Akaingia jirani, akaletewa sahani. Hatukuongea.

Jumatano, 31 Januari
Baba anasema anaona vizuri. Eti kanisomea saa ya ukutani! Rodel, mdogo wangu anayeishi naye, kaninong'oneza kwamba saa ilikuwa imetoka kugonga. Mzee huyu atanitoa roho.

Leo wameingia watu kumi na wanne. Najua, sikukuu ya Candelaria hapa Jaro mlango haufungwi, mgeni haulizwi jina, analishwa. Lakini sikukuu ni keshokutwa!

Alhamisi, 1 Februari
Vitunguu tangu alfajiri. Nimefungasha begi la Baba. Kalifungua, katundika mashati. Nikafungasha tena. Mara tatu — begi moja!

Jioni nikamkamata peke yake akipanga viti. Nikamwambia jicho halingoji wageni. Bado ananiita Inday, kama mtoto.

"Inday, marehemu mama yako miaka arobaini hakumrudisha mtu mlangoni. Huko Manila nitampokea nani mimi?"

Halafu wakaingia wanakwaya. Bila shaka.

Ijumaa, 2 Februari
Naandika chooni. Ndiko pekee kusiko na mgeni. Nguruwe wa kuchoma kabaki kichwa, na watu bado wanaingia.

Asubuhi tumegombana. Kakataa katakata: kesho haendi, anaona vizuri, nimwache. Nikasema haya, baki na wageni wako. Nilikuwa nawaka.

Mchana siki ikaisha. Nikatoka kununua, nikarudi nimebanwa katikati ya kundi la watu nisiowajua, tukaingia wote kwa mlango wa mbele. Baba alikuwa kizingitini, shati jeupe, anapokea mikono. Akaushika wangu. Akanitazama usoni kabisa, anatabasamu.

"Karibu dada, usione haya. Kaa, ule. Binti yangu yuko jikoni, katoka Manila kuja kunisaidia. Atakuletea sahani."

Sikujibu. Ningefungua mdomo angenijua kwa sauti, mbele ya watu wote wale. Nikakaa. Rodel akaniletea tambi na nyama, akaniangalia, akaenda zake. Nikala, chupa ya siki mapajani. Hasira zote zimeniisha na nimebaki na woga mtupu.

Ndege ni saa moja asubuhi. Begi liko chini ya kitanda changu — nimelificha.

Sasa Baba anagonga mlango wa choo. Anauliza, "Inday, yule dada aliyeingia na kundi, asiyesema kitu. Umempa chakula?"

Nimemjibu ndiyo, amekula. Sijafungua mlango.