Tadeo Bura, Mkono Wako Haukukosea

“Mama Rogathe, mumeo si alikuwa anafundisha watu ndege? Mbona siku hizi anarusha kishada?” Jirani yetu Perpetua aliniuliza hivyo kisimani, watu wakacheka. Jumamosi uliporudi nikakuambia, ukacheka kuwashinda wote. “Mwambie Perpetua kishada hiki kitamwashia taa.”

Mwaka umetimia, Baba Rogathe, tangu ututoke kule kazini Dirma, Julai 2016. Perpetua hacheki tena. Na mimi nina hasira. Nimemwambia Mungu hivyo kwenye sala, maana yeye hafichwi.

Ulifundisha marubani mpaka ukaota mvi. Ndipo kampuni ya umeme wa upepo ikakufuata. Walikuwa na bawa kubwa lililofungwa kwa kebo. Upepo ukilivuta, kebo inazungusha mtambo chini na umeme unapatikana. Bawa walikuwa nalo, wa kuliongoza hawakuwa naye. Ukawafundisha vijana wao kulizungusha angani kama mtu anayeandika namba nane, na kulilegeza kabla kebo haijaisha. Hata kompyuta yao ilijifunza kwako. Walinasa kila ulivyosogeza mkono, ili siku moja bawa lijiendeshe lenyewe.

Ulirudi nyumbani Tumati na vumbi masikioni. Ulikula makande yaliyolala na kuyasifu. Kwenye rozari ulisinzia, nikikugusa unasema, “Nipo, nipo, tuko tendo la tatu,” kumbe tumeshafika la tano.

Na ng’ombe, je? Ulipatana na wafugaji kwamba mifugo ikipita kwenda kunywa maji lamboni, bawa linashuka. Injinia Clement, mkubwa wako, alichukia sana.

“Mwalimu, hapa tunazalisha umeme au tunachunga ng’ombe?”

“Vyote viwili,” ulimjibu, ukashusha.

Siku ile walikuja wageni kutazama. Mzee Gidamis na wanawe wakatokea na mifugo yao. Vijana wako walikusikia ukisema unashusha, wakamsikia na Clement akikukataza: “Wageni bado wanapiga picha. Hao watasubiri.” Wasubiri vipi, na siku zote ulikuwa unawashushia? Walikuwa chini ya kebo upepo wa mlimani ulipogeuka na bawa likaanza kuanguka. Ukaligeuza mbali nao, ukalivuta upande wako. Likaangukia pale pale uliposimama. Gidamis alikuja kutusimulia akilia, mzee mzima yule.

Kwenye mazishi, Clement alisimama mbele ya jeneza lako, padri akiwapo, akasema, “Mwalimu alikosea.” Tulinyamaza kwa heshima ya msiba. Leo hatunyamazi. Kama mkono wako ulikosea, mbona kompyuta yao inautumia mpaka leo? Waufute basi!

Wiki iliyopita Clement alikuja nyumbani.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.” Nikampa kiti na chai, maana mgeni ni mgeni.

Akasema kampuni ingependa itajwe kwenye tangazo hili la kumbukumbu, pamoja na wanaokukumbuka. Nikamuuliza kama Jumapili, baada ya Misa yako, atasimama kanisani aseme hukukosea.

“Mama, mambo ya kitaalamu tuyaache.”

“Haya. Basi nikutajie wanaomkumbuka, usikilize vizuri. Mimi mkewe, Marieta. Watoto wake, Rogathe na Joakimu. Dada yake Gaudensia, anayelia mpaka leo akisikia mlio wa ndege. Vijana aliowafundisha. Na Gidamis na wanawe wote, ambao wapo hai. Hao hawatamsahau mpaka Bwana atakapowaita. Umesikia jina lako humo?”

Akaweka kikombe chini, chai hajaigusa, akatoka.