Mwezi Yenye Ilikula Arusi ya Masika

Butembo, siku ya Mungu, nyuma ya ibada

Baba yangu mupenzi, pale Kanyabayonga,

Wasingya, Baba. Ninakusalimia wewe na Mama kwa mikono mbili. Ile kifua ya Mama inaendelea namna gani? Angali anakohoa asubui, ao dawa ya majani imemusaidia? Na magoti yako? Hapa banasema barabara ingali imefungwa kule Alimbongo, basoldat ba huku na ba kule banaangaliana tu. Donc hii barua ninamupatia muzee mumoya mwinjilisti mwenye anapitaka mu mashamba na miguu. Ataishona ndani ya koti yake. Mungu amupitishe.

Mimi niko muzima. Ninakula, ninalala. Mais niko na hasira, na hapa hakuna mutu wa kuielezea. Nikianza kusema, banacheka. Wewe ni mupiga foto, na ni wewe ulinipatia appareil yako ya foto siku niliondoka nyumbani. Wewe utanisikia.

Kazi yangu ni ile ile: ubatizo, arusi, foto za vitambulisho. Mais tangu kiangazi yenye ilipita kuna kitu kingine kilinishika. Batu balikuwa banachoma mashamba, moshi ilijaa ku vilima. Magaribi moya nilikuwa ninatoka ku ubatizo na trepied, ile miguu tatu ya appareil, ku bega, nikaona mwezi inapanda upande wa Ruwenzori. Baba, haikukuwa nyeupe! Ilikuwa nyekundu kama mafuta ya ngazi, ya mawese, yenye ingali mu chungu. Nikasimama katikati ya njia, batu banipita banatukana. Kisha kidogo ikageuka rangi ya ndizi yenye imeiva, kisha ikapauka. Nikajiambia: hii rangi nitaikamata.

Nilifikiri itakuwa kazi ya siku moya.

Unajua hapa hakuna tena labo ya kusafisha foto za rangi, ile mashini ya mwisho ilikufa juu ya kukosa dawa. Film zetu zinaenda Kampala mu mifuko ya bacommerçants, batu ba biashara, zinapita mupaka ya Kasindi, zinarudia siku vita itapenda. Nilingojea ile ya kwanza kama mutu anangojea mutoto. Ilipofika, mwezi ilikuwa nyeupe, kadogo kama tundu ya musumari, na mbingu rangi ya majivu. Na foto ingine sita hazikutoka hata. Yule mutu wa labo aliandika tu ku bahasha: «Hakuna kitu.» Nikachukua negatif, nikaiweka ku dirisha, nikaangalia na lupu yako, ile kioo ya kukuza. Mwezi ilikuwa pale! Duara, nzima. Yeye aliona kadoa, akafikiri ni uchafu.

Mara ya pili nilimuandikia barua: tafazali, hiki ni mwezi, usitengeneze rangi yake. Foto zikarudia kijani, kama maji ya kisima yenye batu bameacha. Commerçant akaniletea jibu ya labo kwa kinywa: «Ambia ule mama, mashini inatengeneza yenyewe. Ikiona giza mingi inafikiri mupiga foto alikosea. Donc inamusaidia.»

Inamusaidia! Baba, nani aliiomba musaada?

Sasa sikia yenye iliniuma zaidi. Masika, mutoto wa Shangazi, aliolewa kule Beni. Niliitwa kupiga foto. Mukaka yake, ni kusema nyanya yake, mama ya bwana ya Shangazi, alitoka Mabalako kwa miguu, siku mbili, juu vita ilikuwa inapita pita kule. Ile mukaka hakupigwaka foto hata siku moya mu maisha yake. Nilimupiga akiwa amemushika Masika mukono, analia na kucheka pamoja. Nilijua mara moya: hii ni foto.

Magaribi arusi ilikuwa ingali inaendelea, batu banacheza. Mu film yangu kulibaki foto tatu. Na mwezi ikatoka nyuma ya migomba, nyekundu vile vile kama ile ya kwanza. Film ni ngumu kupata, sikutaka kupoteza zile tatu. Nikabeba trepied mpaka mwisho wa kiwanja, nikavalisha objectif yako ndefu, ile jicho ya kuvuta mbali.

Sikufikiri kama nyuma ya migomba kulikuwa barrière, kizuizi ya basoldat.

Alikuya mumoya, murefu, na kovu ku kidevu. «Ozosala nini?» akaniuliza na Lingala, kisha akarudilia na Swahili: «Unafanya nini hapa?»

«Ninapiga foto ya mwezi.»

«Mwezi?» Akageuka kuangalia, akanirudilia. «Mwezi iko pale kila siku. Nani anapigaka mwezi foto? Unapiga position yetu.»

«Afande, angalia mwenyewe ndani ya appareil.»

Hakuangalia. Alifungua mugongo wa appareil, akavuta film, srrr, mpaka mwisho, mwanga ikaiharibu yote, akaitupa mu majani. Nilipiga kelele, «Ni arusi! Ndani muko arusi ya batu!» Akasema, «Ungechunga arusi yako, usifuate mwezi.» Kisha akaenda.

Chenye kinaniuma ni hiki: alisema kweli. Ulinifundisha kama foto ya batu ni amana, na mimi nilichanganya amana ya batu na mapenzi yangu. Shangazi hakunipiga, hakunitukana. Alisema tu, mbele ya wakwe bote: «Kahindo, mwezi yako imekula arusi ya mutoto wangu.» Masika aliingia mu nyumba na robe yake nyeupe, akafunga mulango.

Asubui nilikuwa ninafunga bintu, nitoroke haya, nikasikia hodi. Ni yule soldat! Amenyoa ndevu, amepiga viatu rangi. Banamuita Adjudant, ni cheo yake tu, jina ingine sikulisikia.

«Dada, unipige foto ya rangi. Nataka kuituma kwa mama yangu. Iko miaka mingi hajue kama niko muzima.»

Hasira ilinipandia mpaka ku macho. «Film imeisha,» nikasema. «Ni wewe uliimaliza.»

Nikafikiri sasa atanipiga. Akageuka, akaenda, nikafunga mulango. Nyuma ya saa moya akarudia na film mupya ndani ya karatasi yake. «Hapana uliza fasi ilitoka,» akasema. Sikuuliza, na mupaka leo haijanipa amani. Nikamusimamisha mbele ya ukuta wa Shangazi. Nilimuambia asicheke, juu nilikuwa na hasira. Akacheka na meno yote.

Foto moya tu nilimupiga. Zingine nikaziweka kwa arusi. Mukaka alikuwa amekwisha kurudia Mabalako, donc nyuma ya siku kidogo tulimufuata: Masika na bwana yake ku kinga, baiskeli, moya, mimi ku ingine, robe imefungwa mu sakoshi. Njia yote bwana arusi hakunisemesha. Tulipofika, Masika akavaa robe mu jiko ya mukaka, kati ya moshi. Mukaka alikuwa mu shamba yake, akakuya na jembe, akatuangalia.

«Nililia tayari pale Beni,» akasema. «Munataka nilie tena juu ya hii mashini?»

«Hapana, Mukaka,» nikamujibu. «Ukae tu.»

Akakaa. Akamushika Masika mukono. Haikukuwa sawa na ya kwanza, Baba. Ya kwanza haitarudia. Mais alikaa wima kama mwamuzi, na nilipiga, na nikapiga tena. Ilipobaki foto moya nikaanza kufunga appareil.

«Na ule mwezi wenye ulikula arusi,» mukaka akauliza, «uko namna gani? Unaupiga sasa, nione.»

Mwezi ilikuwa imepungua, asubui ilikuwa ingali inaonekana mu mbingu ya samawi. Sikutaka. Bwana arusi ndiye alinishikia trepied, na pale ndipo alinisemesha: «Piga, tumalize.»

Foto zimerudia wiki hii. Za arusi ni nzuri. Masika amekwisha kupeleka ya mukaka Mabalako. Mwezi ni kadoa keupe tena, mbingu majivu tena. Nilikaa mu kiti nikachoka. Ile mashini imefundishwa kutafuta rangi ya ngozi ya batu, Baba, ya mwezi haiijue. Na ni kwa sababu ile, foto yenye rangi sawa kabisa mu film yote, bila kosa hata moya, ni ya yule soldat.

Niliituma Beni imufikie. Ikarudia. Ku barrière kuko bengine. Banasema bale ba kwanza balitumwa kusini, Lubero, kisha mbele zaidi.

Mbele zaidi ni kwenu.

Salimia Mama, umuambie nimeshona kile kitambaa alinitumia. Salimia yaya, ndugu yangu mukubwa, na bibi yake na batoto babo. Salimia pasteur wetu mwenye alinibatiza, na ule jirani mushonaji, kama angali na mashini yake. Shangazi anawasalimia, ananisemesha tena, polepole.

Neno moya limebaki. Foto ya yule mutu, yenye ilikuwa ya kutumia mama yake, iko ku meza yangu. Ningali ninamuchukia, na kila mara nikiomba juu yenu, sijue niombe akose njia ao afike muzima. Kama siku moya atapita pale bila bunduki mbele, mutu murefu, kovu ku kidevu, umuulize jina ya mama yake na fasi anaishi.

Ni mimi binti yako mwenye hajakusahau,

Kahindo