Sauti Ndani ya Filimbi

Jumanne, 3 Oktoba
Jovito, mtunzi wetu, kaleta muziki wake mpya. Filimbi, selo na piano. Kurasa mbili za mwanzo raha tupu. Ya tatu nikakuta maneno chini ya noti zangu: imba huku unapuliza. Nikadhani kakosea kuandika. Akacheka, akasema utamu wenyewe uko hapo.
Mimi, niimbe! Mama mwenyewe alinitoa kwenye kwaya anayoiongoza nikiwa na miaka kumi na miwili. Kwa upole, lakini alinitoa. Mwezi uliofuata akaninunulia filimbi. Crisanta, mpiga selo wetu, anadai ilikuwa ya kuniziba mdomo.

Ijumaa, 6 Oktoba
Mazoezi. Crisanta kacheka mpaka upinde wa selo ukamponyoka. Rogel, kwenye piano, akauliza nani kaleta mbuzi. Hawana adabu hawa. Nilicheka nao — ila nyumbani nilijifungia bafuni, nikafungulia maji, ndipo nikaimba. Mama asisikie.

Jumapili, 8 Oktoba
Kasikia. Karudi kutoka kanisani, kagonga mlango wa bafu, kauliza naumwa nini. Ikabidi nimwonyeshe karatasi. Akaisoma miwani puani. Akasema aliyeandika haya hamjui binti yake.
Lakini tulipomaliza budbud, ule wali mtamu wa kufunga majanini, na chokoleti ya moto, akaniketisha. Nipumulie tumboni, si mabegani. Mchana mzima! Hatujakaa hivyo miaka mingi. Noti bado inashuka. Mama kajishika kichwa, tukacheka.

Alhamisi, 12 Oktoba
Leo nimeipata. Sawasawa na filimbi, hazipishani hata unywele. Crisanta akapiga makofi. Jovito akanuna. Eti anataka sauti yangu iwe chini kidogo, igombane na filimbi, hewa itetemeke.
"Mimi nilikusikia kwenye karaoke ya harusi ya Rogel," akasema. "Nikaenda nyumbani nikaandika. Ile sauti ndiyo naitaka."
Sikujua nimpige au nimkumbatie.
Sasa nani atamwambia Mama? Kanifundisha kila jioni. Na kaalika kwaya nzima ije Jumamosi kwenye onyesho letu.

Jumamosi, 14 Oktoba
Nyuma ya jukwaa. Bado kidogo zamu yetu. Kwaya imejaa safu ya mbele, wamevaa sare!
Mama kaja kunirekebisha kola. Akataka aisikie noti. Nikamwambia ukweli — Jovito anaitaka chini. Akamtazama Jovito kama anavyowatazama wanaochelewa mazoezi.
"Haya, Inday, binti yangu," akanigeukia. "Imba ya kwako."
Nikapuliza, nikaimba vile ninavyoimba. Vyombo vya chai vikatetemeka mezani. Mama akafumba macho.
"Rudia."
Nikarudia. Sasa yuko kwenye kona, katupa kisogo, anaimba taratibu peke yake, midomo kaifumba. Anaitafuta noti yangu. Anaikosa — anapanda mno. Anajaribu tena.
Tunaitwa. Crisanta ananivuta mkono. Nimwambie Mama ashuke kidogo, au nimwache aitafute mwenyewe —