Dawa ya Mbu

Jumamosi, Minjila. Jua kali tangu asubuhi, na maji ya mafuriko yaliyobaki nyuma ya nyumba yamejaa mbu. Moyo wangu haujatulia.

Jumatatu narudi kufundisha Garsen. Neema, binti yangu ambaye hata miaka miwili hajatimiza, atabaki na mama mkwe, aliyekuja kutoka Kulesa kwa ajili hiyo tu. Sina mtu mwingine. Na tangu afike namtazama kwa jicho la pembeni. Kila anachompa mtoto, lazima nikinuse kwanza.

Mbu wamemmaliza Neema miguu. Anajikuna mpaka ngozi inachubuka. Nimemkata kucha, nimemkanda kwa kitambaa cha maji baridi, lakini nafuu haidumu. Mama mkwe huniona nikihangaika na hasemi kitu. Kimya chake ndicho kinachonitia wasiwasi.

Leo nimerudi kutoka sokoni nikamkuta mtoto ametulia. Ametulia mno. Miguu ina utelezi wa kijani, na harufu kali imejaa chumbani. Nikamuuliza mama amempaka nini.

"Dawa ya mbu," akasema, wala hakugeuka.

Dawa ya mbu! Kwangu mimi hiyo ni ile ya kupuliza, yenye picha ya fuvu ubavuni, na mkebe wenyewe ulikuwa pale dirishani. Nilimnyakua mtoto, nikamtia kwenye beseni, nikamsugua kwa sabuni huku nikipiga kelele hadi majirani wakasikia.

Nilisema, "Unataka kuniulia mtoto!"

Nayaandika maneno hayo na uso unaniwaka kwa aibu.

Mama alitoka nje, akarudi na jani la mshubiri likichuruzika, na majani ya mwarobaini yaliyotwangwa. Akaniuliza kwa upole, na upole huo uliniumiza kuliko tusi: "Dawa ya nyoka hupewa nyoka, mwanangu?"

Dawa ya nyoka ni ya aliyeumwa na nyoka, kila mtu anajua. Yeye alisema Kiswahili sawasawa. Mimi ndiye niliyesikia sumu, kwa sababu nilikuwa naitafuta.

Neema akaanza kujikuna tena, analia. Sabuni yangu ilikuwa imeosha nafuu yote. Nikanyoosha mkono nipokee lile jani, mama hakunipa. Alilipasua, akalilamba mbele yangu, shubiri tupu, na hata uso hakukunja. Alinikazia macho mpaka alipomeza. Ndipo akampaka mjukuu wake.

Sasa mtoto amelala. Mama anachagua mchele barazani na hajanisemesha. Nilimshuku bure, na sasa yeye ndiye anayejihadhari nami.

Jumatatu asubuhi, kabla sijatoka, atauonja na uji wa Neema ili nimwone?