Tangi Lisilopoa

Jumapili, 6 Julai 2025

Hili sijamwambia mtu yeyote: ninaongea na tangi la maji moto.

Liko kwenye kabati la korido, nje ya bafu, refu kuliko mimi. Mpangaji aliyetutangulia, daktari mgeni, aliliacha alipohama. Nikijifungia kabatini nikaliegemea, ni kama kuegemea mtu asiyekuuliza kitu. Shuleni ni Kiingereza, madrasa ni Kiarabu — kote nikifungua mdomo wananisahihisha. Tangi nalisemesha Kiswahili. Halisahihishi.

Baba amenipa kazi ya kulitunza. Nawasha swichi kabla ya alfajiri, Baba na Mama wakishatawadha nazima. Hakuna kuacha bomba linatiririka. Unajaza beseni, unaoga na kopo. Bado yuniti za umeme zinayeyuka. Mama anatucheka: "Si nyinyi mulikataa jiko yangu ya makaa? Haya, ogeni na umeme yenu."

Juzi tumerudi kutoka Koboko. Tulimzika Haboba, mama yake Baba. Bado nasikia anavyotembea, ule mguu wa kulia unaburuta sakafuni, shhh, kabla hajaita jina lako.

Aliyemwosha ni Mama Hawah, jirani yake. Kwetu nguo za marehemu na kila kilichomfunika siku ile anapewa mwoshaji. Ndiyo haki yake. Mama Hawah alipewa vyote isipokuwa blanketi moja, la kijivu, la jeshi. Haboba alifia ndani yake. Baba alilitoa kwenye fungu: "Hii si ya mama. Hii jeshi ilimpa mzee wangu akiwa askari." Pale mbele ya watu hakuna aliyembishia. Mama Hawah alitazama mikono yake tu.

Mama hataki lilale chumbani. Liko mlangoni kwenye mfuko.


Jumanne, 8 Julai

Mwalimu Stella Kiden, somo la fizikia: joto linatoroka kupitia ngozi ya chombo. Tangi lililo uchi linapasha moto kabati, si maji. Livishe.

Nikamwambia Baba. Ilibidi nirudie, sauti yangu haikufika. Aliposikia akaenda moja kwa moja kuchukua ule mfuko.

Tumelizungushia blanketi kutoka kichwani hadi chini, tukaacha wazi pale nyaya zinapoingia, tukafunga kwa kamba ya katani. Bomba la juu nalo tumelivisha vitambaa vya mitumba kutoka dukani kwa Baba. Kipimo cha joto nimekishusha hadi nyuzi sitini. Kilikuwa juu bure, na chini ya hapo mwalimu anasema wadudu wanazaliana majini. Baba akarudi nyuma akatazama. "Sasa hata yeye iko na koti."

Mama alipita bila kulitazama. Mlango wa kabati ukiwa wazi, linaonekana kama mtu amesimama ameelekea ukutani.


Alhamisi, 10 Julai

Leo sikuwasha. Nililala nikapitiliza. Nilikimbia kwenda kumwomba Baba msamaha, nikamkuta bafuni amezungukwa na mvuke, anacheka kama mtoto. "Injinia Bushira! Umeweka moto ya jana hadi leo." Amempigia simu hata ndugu yake kumsimulia.

Blanketi zuri linatunza joto, ndiyo. Nimejiambia hivyo njia nzima ya shule.

Mchana umeme umekatika mji mzima.


Jumamosi, 12 Julai

Umeme bado. Maji bado ni moto. Yamezidi hata.

Baba aliita fundi, Ondoga. Alifungua kifuniko cha chini, akachomoa nyaya zote, akaziacha zinaning'inia. "Mzee, hapa hakuna kitu inaingia. Hata umeme ikirudi leo, haipiti." Halafu akafungua bomba ili apime. Akarudisha mkono. Alikuwa akitaniana na Mama tangu alipofika, hapo akajifuta mkono kwenye suruali, mara mbili.

"Hii si moto ya umeme," akasema. "Iko na joto kama ya mutu mugonjwa."

"Sasa maji ya bure ni mbaya?" Baba akamuuliza.

Ondoga alikusanya bisibisi zake. Atarudi kuunganisha, alisema, siku nyingine. Chai aliiacha nusu.

Leo sikuingia kabatini. Niliweka sikio mlangoni tu. Linagonga, tk, tk, kama mabomba yanapopoa. Lakini halipoi.


Jumapili, 13 Julai

Mama Hawah amekuja kutoka Koboko na gari la asubuhi. Sweta mbili. Soksi mikononi. Mama alidhani amekuja kuzungumza habari za arbaini ya Haboba.

"Asuman, mtoto yangu," akamwambia Baba, "mimi sijakuja kugombana. Tangu nimuoshe mama yako, mikono yangu haipati joto. Naweka kwa jiko, ngozi inaungua, baridi iko ndani. Sasa imefika hapa." Akagusa kiwiko. "Nipe tu ile yangu."

Baba alijibu kwa heshima. Ni damu, Mama Hawah. Ni uzee. Nitakupeleka hospitali mwenyewe. Blanketi hapana. Sina picha ya mzee wangu hata moja, sina kofia yake, sina kitu. Iko hiyo tu.

Hapo sauti yake ilipasuka kidogo. Nikatazama mkeka.

Nilitumwa kumletea Mama Hawah maji anawe kabla ya kula. Beseni lilikuwa na mvuke, nililibeba kwa kitambaa. Akavua soksi. Vidole vyake vina rangi ya majivu. Akaingiza mikono, na mvuke ukakatika. Nilipotoka kwenda kumwaga, nikachovya kidole: baridi ya kisima.

Nikarudi na taulo. Aliniuliza polepole, "Mumeiweka wapi, binti yangu?"

Nilitupa macho upande wa korido, basi.

Baadaye nikamsikia jikoni na Mama. "Ikifika kwa kifua, nani ataniosha mimi?" Alisema kama anatania. Mama hakucheka.


Jumatatu, 14 Julai

Mama Hawah alikuwa arudi Koboko leo. Hawezi. Baridi imepita bega. Amelala sebuleni chini ya mablanketi yote ya nyumba hii, na meno yake nayasikia hadi chumbani. Mama anampepelea makaa. Mkono wa kulia wa mgonjwa haukunjiki tena. Baba ameenda kuuza nguo soko la Inde.

Sikwenda shule. Nilisema tumbo.

Niliingia kabatini nikajaribu kutamka mbele ya tangi: "Baba, blanketi si letu." Kwanza haikutoka. Nikajaribu tena, ikatoka. Tangi likaacha kugonga.

Nikafungua kamba. Nilidhani nitaungua. Chini ya blanketi, tangi ni baridi. Chuma tupu, lina umande. Joto liko kwenye blanketi, lote. Likaniangukia mikononi, zito, kama mtoto aliyelala unapomnyanyua.

Nilikimbia nalo kwenda sebuleni. Mama akanizuia mlangoni. "Si wewe uliichukua. Baba yako alitoa kwa mkono yake, arudishe kwa mkono yake. Wewe ukimpa bila yeye kujua, ni kama imeibwa tena, na baridi haitatoka." Akanishika bega. "Mimi nimesema tangu Koboko, hanisikii. Wewe anakusikia. Injinia yake."

Kwa hiyo namngoja Baba, chumbani. Mimi, ambaye hata kumwomba chumvi mezani naomba kwa kidole.

Blanketi liko mapajani. Naandika kwa mkono mmoja, mwingine uko juu yake. Linapanda na kushuka. Kidogo sana. Nimejaribu kuzuia pumzi yangu ili nihakikishe si mimi. Si mimi.

Geti. Baba amerudi mapema.

Bafuni. Anafungua bomba.

"Mama Bushira! Maji imekufa. Nani ametoa koti?"

Sebuleni meno yameacha kugonga — sijui kama hilo ni jema.

Viatu kwenye korido. Vya Baba, soli zake nazijua. Na nyuma yake mwingine, mguu wa kulia unaburuta, shhh. Mama Hawah hawezi kusimama. Mama hatembei hivyo. Blanketi limetulia, kama mtu anayesikiliza.

Wamefika mlangoni. Ukurasa naficha. Blanketi silifichi. Baba, blanketi si