Mtamba wa Mwalimu wa Hesabu

Nje ya Nzega,
Agosti 1953

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Ninakuandikia nikiwa mzima, nimeshiba viazi, na kile kikohozi kilichokuwa kikinisumbua kimeniacha. Natumaini nanyi hapo Goweko hamjambo, goti lako limepoa, na mdogo wangu Koleta ameacha kulia kwamba nimehamia mwisho wa dunia. Mwambie hapa si mwisho. Barabara bado inaendelea.

Uliniuliza kazi inakwendaje. Inakwenda vizuri, mama, ila ilianza kwa kujikwaa, na aliyejikwaa ni mwanao mwenye cheti. Pale chuoni Tabora, Mwalimu Wenceslaus alituchagua wachache tufundishe hesabu na sayansi katika shule za vijijini, kwa kuwa kila anayezijua hukimbilia kazi ya reli au ya boma la serikali. Alitufundisha kutengeneza mizani kwa kijiti na vipande vya kibuyu, akasisitiza kwamba somo lianze na kitu ambacho mtoto anakijua nyumbani. Nadhani nilimsikiliza kuliko wote.

Basi wiki yangu ya kwanza, katika nchi hii ya wafugaji, niliwaambia watoto wakahesabu ng'ombe wa baba zao, kesho tujumlishe. Nilijiona fundi. Kesho yake walikuja watoto wawili tu, wa mwinjilisti. Keshokutwa hata hao hawakuja.

Sisi watu wa tumbaku tungejuaje? Aliyenieleza ni Mzee Masolwa, jirani wa shule mwenye zizi kubwa, tena kwa hasira. Alisema ng'ombe hahesabiwi kwa mdomo, maana kutaja idadi yao ni kuwaitia kifo. Mwenye mali humjua kila mmoja kwa rangi na pembe, na asiyerudi jioni anajulikana. Akaongeza kwamba wa mwisho kuwahesabu walikuwa watu wa serikali, na nyuma yao ikaja amri ya kupunguza mifugo. Kijiji kizima kilikuwa kinasema mimi ni jicho la boma. Niliomba radhi. Akanijibu kwamba radhi anaipokea, lakini mtu asiye na hata ukwato mmoja zizini hajui anachokiombea radhi.

Wakati huohuo msimamizi wa shule zetu akaleta habari: mwezi ukiisha bila watoto, shule itafungwa nami nitahamishiwa Tabora mjini. Wenzangu wangeshangilia. Mimi nilikasirika, mama. Sikusomea kazi hii ili nikafundishe watoto wenye walimu tele.

Sasa vuta kigoda ukae. Ile baiskeli uliyoninunulia kwa tumbaku ya misimu miwili, ile uliyosema itanirudisha nyumbani kila likizo, nimeiuza. Nimenunua ng'ombe, mtamba mwekundu mwenye baka jeupe usoni, nikampeleka kwa Mzee Masolwa anichungie, kama wafanyavyo huku watu wanaoaminiana. Alimzunguka, akamshika pembe, akamwingiza zizini. Asubuhi alikuja shuleni na binti yake Swaumu, akamketisha mbele, akawaambia waliokuwa wakichungulia kwamba mwalimu huyu akiwaletea balaa ng'ombe wao, na wake ataangamia humohumo.

Tangu siku hiyo tunajumlisha kwa kokoto na mbegu za maboga. Sayansi tunajifunza kwenye kibuyu cha maziwa, kwa nini yanaganda, na hapo hata akina baba husimama nje kusikiliza. Mwalimu Wenceslaus ameniita niwaeleze wanafunzi wapya wa ualimu kabla hawajaletwa huku wakarudia ya kwangu.

Utanikasirikia, na haki ni yako. Naumia nikikumbuka ulivyoinama mashambani kwa ajili ya baiskeli ile. Lakini babu alibeba pembe za ndovu begani kutoka Kwihara hadi pwani, akarudi. Mimi nitashindwaje kufika Goweko na mfuko wa nguo? Krismasi utaniona, nimejaa vumbi.

Nisalimie Koleta, na shangazi Eustadia umpe shikamoo zangu. Najua mtauliza watoto sasa ni wangapi. Mama, huku wenye uhai hatuwahesabu kwa mdomo. Darasa limejaa.

Mwanao akupendaye,
Yoramu